Binti wa chuo na viroba vya chupa: anafundishwa au anatumikishwa?

Mzee mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, alitufikishia lalamiko ambalo tuliona si lake peke yake. Binti yake, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika fani ya mazingira, alikuwa amepangiwa mafunzo kwa vitendo katika mradi wa urejelezaji taka wa chuo anachosoma. Siku moja mzee akapita chuoni bila taarifa, akamkuta mwanawe amevaa glavu na buti, ameinamia kiroba cha chupa tupu.

"Ndugu zangu," alituambia, "nimelipa ada miaka miwili ili mwanangu aje kuokota chupa? Wenzake wamekwenda benki na maofisini."

Hatukulichukulia neno lake kwa wepesi. Mzazi aliyekusanya ada kwa kuuza dagaa debe kwa debe ana haki ya kuuliza iwapo mwanawe anafundishwa au anatumikishwa. Tukaomba ruhusa, tukaenda kujionea.

Kila kiroba kilicholetwa kutoka mabwenini kilipimwa kwanza kwa mizani, na uzito wake ukaandikwa. Kisha kikamwagwa juu ya turubai, kila kitu kikawekwa na jamii yake: karatasi, makopo, mabaki ya chakula, plastiki. Plastiki nazo zikachambuliwa upya. Binti yule aligeuza chupa ya maji, akatuonyesha kwenye kitako chake pembetatu ndogo yenye namba 1 ndani. Akakata kipande cha chupa hiyo, akakitumbukiza pamoja na kifuniko chake katika ndoo ya maji. Kipande kikazama, kifuniko kikaelea.

"Hizi ni plastiki mbili tofauti," alisema. "Zikiyeyushwa pamoja zinaharibiana. Ndiyo maana mzigo uliochanganyika hauna bei."

Karatasi nayo ikishalowa mchuzi haifai tena. Kwa hiyo kazi ya kutenganisha taka huanzia chumbani na jikoni kwa aliyezitupa; ikisubiri jalalani, imechelewa. Jioni tulimwona binti akilinganisha hesabu za mabweni, ili ajulikane ni lipi linalochanganya taka zaidi na pipa gani lihamishwe. Hapo tukaelewa kwamba kilichompeleka pale ni ile kalamu iliyokuwa mfukoni mwake.

Wala jambo hili haliko mbali na riziki ya baba yake. Jiji la Mwanza limejengwa juu ya vilima vya miamba. Mvua inyeshapo, kilichotupwa mtaroni huteremka, kingi kikifuata Mto Mirongo unaokatiza katikati ya jiji na kuishia ziwani. Ziwa lenyewe, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,000, lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, nao ni Mto Nile pale Jinja, Uganda. Kinachoingia hakitoki upesi.

Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliochunguza samaki walionunuliwa sokoni hapa Mwanza, sangara 20 na sato 20. Katika kila aina, asilimia 20 ya samaki walithibitika kuwa na chembe za plastiki tumboni. Zilionekana kwenye matumbo, na wengi wetu matumbo hatuyali. Lakini hiyo si sababu ya kulala usingizi. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini. Chupa zimebaki, na sheria peke yake haiwezi kuziokota.

Tangu madrasa tumefundishwa kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Hatukuambiwa kwamba ni kazi ya wasiosoma. Aibu ni ya aliyeitupa chupa mtaroni. Aliyeinama kuiokota hana la kuonea haya.

Hata hivyo, swali la mzee lilikuwa la haki, na tunawasihi wazazi waendelee kuliuliza. Yako mafunzo ambayo mwanafunzi hukabidhiwa fagio asubuhi na kusahauliwa hadi jioni, kisha akarudi na karatasi yenye muhuri na kichwa kitupu. Ndugu mzazi, muulize mwanao mambo matatu. Nani anayekusimamia? Umeandika nini leo? Umepewa nini cha kukukinga mikono na miguu? Akikosa majibu, nenda chuoni ukazungumze kwa upole na kwa uwazi. Akiwa nayo, mwache afanye kazi, hata kama nguo zake zinarudi na harufu.

Tulirudi Mwaloni pamoja na binti. Alimwamkia baba yake, akampa daftari lake la mafunzo. Mzee aliyazoea mahesabu ya magunia. Alilisoma taratibu, ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikifuata safu ya kilo. Hakusema kwamba alikosea, nasi hatukumtaka aseme. Aliinuka, akaleta kipande cha kamba ya nailoni na kiroba kilichochanika.

"Na hivi, mama," alimwuliza binti yake, "vinaingia kundi gani?"

Tulipopita tena wiki iliyofuata, nyuma ya kibanda chake palikuwa na viroba viwili badala ya kimoja.