Kanungu: Ng'ombe waliuzwa kwa bei ya kutupa, hakuna aliyeuliza

Kila ninapovuka mpaka wa Gatuna na kusikia watu wakitaja Kanungu, neno linalofuata huwa ni "kujiua". Husemwa kwamba watu wa Kibwetere walijifungia kanisani wakajichoma moto ili waende mbinguni. Mimi neno hilo nimelikataa siku nyingi, na ndugu msomaji unayeishi kwa kununua na kuuza utaelewa upesi kwa nini.

Kanungu ni mji mdogo wa milimani, kaskazini-magharibi ya Kabale, karibu na mpaka wa Kongo. Hapo ndipo Credonia Mwerinde alipokuwa akiuza pombe ya ndizi kabla ya kudai kwamba Bikira Maria humtokea katika mapango ya Nyabugoto. Mwaka 1989 alikutana na Joseph Kibwetere, mtu mwenye mali na heshima, Mkatoliki aliyewahi kuwa mwanasiasa wa chama cha DP na mwanzilishi wa shule. Kibwetere alimpokea nyumbani kwake Ntungamo pamoja na wafuasi wake. Mwaka 1992 familia ya Kibwetere ilichoka ikawafukuza, nao wakahamia Kanungu, kwenye ardhi ya baba yake Mwerinde. Waliiita Ishayuuriro rya Maria, yaani mahali Maria anapowaokoa watu.

Sisi tuliolelewa ukimbizini Ankole kabla ya kurudi nyumbani 1994 tunakumbuka hali ya miaka ile. Uganda ilikuwa imetoka vitani. Ukimwi ulikuwa ukimaliza nyumba nzima nzima, na dawa hazikuwapo. Huku kwetu, wasichana wa shule ya Kibeho walianza kusimulia habari za kutokewa na Maria mwaka 1981, na mahujaji wakamiminika. Mtu aliyesema ametumwa na Maria kueleza kwa nini watu wanakufa hakukosa wasikilizaji. Lipo pia jambo la padri. Dominic Kataribabo alikuwa padri msomi, aliyesomea hadi Marekani, na alipojiunga na kundi hilo wanakijiji wengi waliona kwamba sasa mambo ni ya kweli. Kanisa Katoliki liliwakana, lakini habari za kukanwa huko hazikufika kila mlimani.

Kundi likajiita Harakati za Kurejesha Amri Kumi za Mungu. Waumini walikatazwa kusema, wasije wakavunja amri ya kutoshuhudia uongo, hivyo wakazungumza kwa ishara za mikono. Mume alitengwa na mke, watoto wakatengwa na wazazi. Siku nyingine walikula mlo mmoja tu. Walilima kutwa. Shule yao ilifungwa na serikali mwaka 1998 kwa sababu ya uchafu na kuwafanyisha watoto kazi. Shule ikafungwa, lakini kundi likaachwa liendelee.

Na kila aliyeingia alitakiwa kuuza alichonacho. Shamba, ng'ombe, mbuzi, baiskeli, nguo, vyote viligeuzwa fedha na fedha zikakabidhiwa viongozi. Hapo ndipo mimi huwakumbuka wenzangu wa magulioni. Mchuuzi yeyote anajua bei ya ng'ombe. Mtu akileta mnyama mzima akamtoa kwa nusu ya bei, kesho akarudi na jirani yake naye anauza hivyo hivyo, soko zima linajua kuna jambo. Walinunua wakanyamaza, maana faida haiulizwi maswali.

Viongozi walikuwa wametangaza kwamba dunia ingekwisha Desemba 31, 1999. Januari mosi ilipofika jua likachomoza kama kawaida. Basi baadhi ya waumini wakaanza kudai mali zao. Hebu fikiria, msomaji: mtu ameuza shamba la babu yake, watoto wake wanalala juu ya mkeka, na ile siku aliyoahidiwa imepita. Viongozi walikuwa na deni lisilolipika, na wadai walikuwa mamia. Tarehe mpya ikatajwa, Machi 17.

Siku za mwisho viongozi waliuza mali kwa bei ya kutupa na kulipa madeni ya madukani. Iliripotiwa kwamba hati za ardhi zilipelekwa kituo cha polisi zikahifadhiwe. Fahali walichinjwa, soda zikanunuliwa makreti kwa makreti. Majirani na wakubwa wa serikali walialikwa kwenye sherehe ya Machi 18, kuzindua kanisa jipya. Ijumaa asubuhi, Machi 17, 2000, jengo walimokuwa waumini lililipuka likateketea, milango na madirisha yakiwa yamepigiliwa misumari. Polisi kwanza walihesabu watu 330 hivi, baadaye makadirio yakapita 500. Mabaki yalizikwa kwa tingatinga.

Kama mambo yangeishia hapo, neno "kujiua" lingeweza kujitetea. Lakini wiki iliyofuata polisi walianza kuchimba. Rutoma zilipatikana maiti 153. Rugazi, nyumbani kwa padri Kataribabo, 155. Rushojwa 81, na Buziga, Kampala kwenyewe, 55. Wengi walikuwa wanawake na watoto, na baadhi walikuwa na alama za kunyongwa. Walikuwa wamezikwa kabla ya moto. Aliyenyongwa na kufukiwa chini ya sakafu hakujiua. Jumla inayotajwa sana ni watu 778.

Ofisa mmoja wa wilaya alikamatwa kwa tuhuma za kuikalia ripoti ya usalama iliyoonya juu ya kundi hilo. Tume ya uchunguzi iliteuliwa lakini haikufanya kazi. Hati za kuwakamata Kibwetere, Mwerinde na wenzao zilitolewa Aprili 2000. Mwaka 2014 zilienea habari kwamba Kibwetere huenda alijificha Malawi, lakini hakuonekana. Kenya, baada ya miili zaidi ya 400 kufukuliwa msitu wa Shakahola kuanzia 2023, mhubiri anayetuhumiwa alifikishwa mahakamani. Kwa Kanungu hakuna hata mmoja aliyesimama kizimbani.

Ilipotimia miaka 20, mwaka 2020, sehemu ya ardhi ile ilikuwa shamba la chai. Ng'ombe na mashamba yaliyouzwa kwa bei ya kutupa yalibaki kwa walionunua.