Herufi Nne Zenye Sauti Saba

Chimala ni mji mdogo ulio mashariki ya Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Upande wa kusini imesimama milima mirefu, na upande wa kaskazini umeenea uwanda wa Usangu, nchi ya mpunga na ng'ombe. Mtoto wa huko aliyekwisha kujifunza kusoma Kiswahili, akiliona jina la mji limeandikwa, hulisoma pasipo shida: Chi-ma-la. Hata akikutana na neno asilopata kulisikia tangu kuzaliwa, atalitamka sawasawa, ijapokuwa hajui maana yake. Katika Kiswahili jicho huona, na mdomo hufuata.

Lakini mtoto huyo huyo akifungua kitabu cha Kiingereza, mambo hugeuka. Hulisoma neno kama lilivyoandikwa, na wenzake humcheka. Jambo hili si dogo. Katika Tanzania shule nyingi za msingi hufundisha kwa Kiswahili, na shule za sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayeona haya kusoma kwa sauti hunyamaza, na anyamazaye darasani hupitwa na masomo yote, hata hesabu na sayansi. Basi yafaa ajue mapema ya kuwa kosa si la akili yake. Iko sababu, na sababu yenyewe ni habari ya kale.

Mfano ulio mkubwa ni herufi nne zinazofuatana: o, u, g, h. Katika Kiingereza herufi hizi husomwa kwa njia zisizopungua saba:

1. Though, maana yake ijapokuwa, husomwa "dho", na mwisho wake kuna u nyepesi. Dough, yaani unga uliokandwa, hufuata njia hiyo.
2. Through, maana yake kupitia ndani, husomwa "thru".
3. Bough, yaani tawi kubwa la mti, husomwa "bau".
4. Bought, maana yake alinunua, husomwa "bot", na o yake huvutwa.
5. Rough, maana yake -a kukwaruza, husomwa "raf". Tough, -gumu, husomwa "taf", na enough, -a kutosha, husomwa "inaf".
6. Cough, yaani kikohozi, husomwa "kof".
7. Thorough, maana yake kamili, Waingereza huisoma "thara", na a ya mwisho ni fupi sana.

Mtu aliyezoea Kiswahili hutatizika hasa kwa sababu ya gh. Yeye huijua gh ya ghali, ya ghafla na ya lugha, nayo siku zote ni sauti moja. Akiiona gh katika Kiingereza huitafuta sauti hiyo, asiipate hata mara moja. Mahali pengine herufi hizo zimekuwa f, na mahali pengine zimekaa kimya kabisa, kama wageni walioalikwa karamuni wasiseme neno.

Hata hivyo mtoto wa Chimala hayuko mbali na maneno haya kama anavyodhani. Wakulima wa Usangu hulima kwa plau inayokokotwa na ng'ombe. Neno plau limetoka katika Kiingereza, plough, lenye herufi sita. Waswahili walipolipokea hawakuuliza limeandikwaje. Walisikiliza linavyotamkwa, wakaliandika kwa herufi nne zinazosikika zote. Kadhalika andazi liitwalo donati: jina lake limetoka katika doughnut, na ndani yake imo ile dough iliyotajwa katika njia ya kwanza. Tena uko mchezo wa drafti, ambao watu huucheza barazani kwa vizibo vya chupa. Waingereza huuita draughts, na hapo gh imekuwa f, kama katika rough na cough. Basi mtu aliyekwisha kutamka plau, donati na drafti amekwisha kupita katika njia hizo kwa mdomo, kabla hajaziona kwa macho.

Sasa, mbona Waingereza huandika herufi wasizozisema? Zamani walizisema. Zaidi ya miaka elfu iliyopita lugha yao ilikuwa na sauti ya kooni, iliyo karibu na kh ya neno kheri. Wajerumani, ambao lugha yao ina asili moja na Kiingereza, wanayo sauti hiyo hata leo: usiku huuita Nacht, na Waingereza huandika night. Mwaka 1066 Wanormani walitoka Ufaransa wakaishinda Uingereza. Baadaye waandishi waliofuata desturi za Kifaransa walishika mtindo wa kuiandika sauti ile ya kooni kwa gh. Kwa hiyo hapo mwanzo gh ilikuwa na kazi yake halali.

Baadaye watu waliiacha sauti ile kidogo kidogo. Katika maneno mengine ilipotea, na katika mengine ikageuka kuwa f. Irabu nazo hazikutulia. Zilibadilika sana kati ya miaka ya 1400 na 1700. Lakini katika muda huo huo kilitokea kitu kingine. Mwaka 1476 William Caxton aliweka mtambo wa kupigia chapa vitabu huko Westminster, karibu na London. Vitabu vikaenea, na kadiri vilivyoenea, ndivyo maandishi yalivyozidi kuwa magumu kubadilika. Mdomo uliendelea na safari, mkono ukabaki nyuma. Ni kama mto uliohama: maji yanapita pengine, na watu wangali wakiuonyesha mkondo wa zamani.

Ushahidi wa habari hizi ni maneno mawili, through na thorough. Hayafanani kwa sauti wala kwa maana, lakini zamani yalikuwa neno moja. Ni ndugu waliotengana njiani.

Kiswahili hakikupatwa na hayo, kwa kuwa kilipata maandishi yake ya sasa juzi tu. Kwa karne nyingi watu wa pwani walikiandika kwa herufi za Kiarabu. Katika karne ya 19 wamisionari walianza kukiandika kwa herufi za Kirumi, na mmoja wao, Edward Steere wa Unguja, alitoa kitabu cha kufundisha lugha hii mwaka 1870. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu. Mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, ili vitabu vya shule viandikwe kwa namna moja. Maandishi hayo yalipimwa kwa sikio la watu wa zama zile, ndiyo maana yanasomeka kwa urahisi. Si kwamba Waingereza hawana akili. Maandishi yao ni nguo iliyoshonwa zamani, na mwenye nguo amekua.

Mwanafunzi afanyeje basi? Kwanza, asijifunze maneno haya moja moja, bali ayapange kwa makundi. Kundi kubwa ni lile ambalo ough hufuatwa na t: bought, alinunua, brought, alileta, thought, alifikiri, fought, alipigana. Yote haya yana sauti moja, ile ya "ot". Ila aikumbuke drought, yaani ukame, ambayo husomwa "draut". Pili, kila anapopata neno jipya alisikie kwanza kwa mwalimu, kisha alitazame, kisha aliandike. Tatu, asiogope kuuliza. Mwingereza mwenyewe hakuzaliwa akiyajua. Naye aliketi darasani akafundishwa, na mara nyingi alikosea. Mwenye kuuliza njia hapotei.

MASWALI

1. Someni sentensi hii kwa sauti: The farmer bought a plough, though the ground was rough. Herufi ough zina sauti ngapi humo?
2. Kwa nini gh ya Kiswahili haimpotezi msomaji?
3. Mtambo wa kupigia chapa ulisababishaje maandishi ya Kiingereza yaachane na matamshi?
4. Tafuteni maneno mengine matano ya Kiswahili yaliyotoka katika Kiingereza. Andikeni kila neno kwa lugha zote mbili, kisha onyesheni herufi ambazo Waswahili waliziacha.