Kamera ya kwanza kwa mtaji wa chumvi

Na Mwandishi Wetu, Kasese

Soko la Mpondwe huchangamka Jumanne na Ijumaa. Siku hizo, jua likiwa bado halijapanda, barabara inayoshuka hadi mto Lubiriha hujaa baiskeli, boda boda na akina mama wenye mizigo, wengine wakitoka Kasindi na wengine wakielekea huko. Dada yangu ni mmoja wao. Huuza chumvi ya Katwe, na wateja wake wakubwa wanatoka Beni na Butembo.

Ijumaa moja alinivuta kando, akafungua kitambaa alichojifunga kiunoni, akanionyesha shilingi milioni moja na nusu. Alisema ni za kamera ya mwanawe. Kijana amemaliza kidato cha sita, yuko nyumbani Kilembe, na kwa mwaka mzima amekuwa akipiga picha za harusi za majirani kwa simu. Sasa anataka kamera kubwa, ile ya kuning'iniza shingoni. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa magazeti, dada aliamini kwamba mjomba anajua kuchagua.

Nilimwambia nitasaidia, lakini moyoni nilikuwa na wasiwasi. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni Kampala niliwahi kununua kamera ya mtumba kwa mtu niliyeelekezwa na rafiki. Niliangalia boksi, nikaangalia mkanda, nikasoma idadi ya megapikseli, nikalipa. Baada ya miezi miwili kila picha ilikuwa kama imepigwa ndani ya moshi. Fundi aliifungua lenzi akanionyesha kuvu iliyotambaa juu ya kioo mithili ya mizizi. Ile ilikuwa pesa yangu ya pango. Hii ya dada ilikuwa ya chumvi, na chumvi isiponunuliwa wiki hii, wiki ijayo mteja wa Butembo ana mtu mwingine.

Swali la kwanza nililomuuliza mpwa wangu lilikuwa kama kweli anahitaji kamera. Kwa mfanyabiashara anayetaka kumtumia mteja picha ya mzigo kwa WhatsApp, simu inatosha kabisa, na asidanganywe na mtu. Kamera ya DSLR, yaani ile yenye kioo ndani kinachopeleka taswira ya lenzi hadi kwenye tundu la jicho, inalipa gharama yake mahali simu inaposhindwa: kanisani kwenye giza, uwanjani ambako mchezaji yuko mbali, na kwenye picha kubwa ya kutundikwa ukutani. Inalipa pia kwa sababu moja ambayo wapiga picha hawapendi kuitaja. Mteja wa harusi hutoa pesa kwa moyo mweupe zaidi akiona kamera kubwa.

Yeye alijibu kwamba anataka harusi, mahafali na picha za pasipoti. Jibu hilo lilitusaidia kuliko matangazo yote tuliyosoma baadaye.

Dukani tulianza na megapikseli, kwa sababu muuzaji alianza nazo. Canon 4000D ina 18, Canon 2000D ina 24, na bei inapanda pamoja na namba. Nilitoa kalamu. Picha ya sentimita 10 kwa 15, ambayo ndiyo saizi inayouzwa zaidi sokoni, ikichapwa kwa ubora wa juu inahitaji megapikseli 2 na kidogo. Picha ya ukubwa wa karatasi ya A4 inahitaji zisizofika 9. Kwa hiyo kamera ya 18 inatosha A4 mara mbili, na zile 6 za ziada hakuna bibi harusi wa Bwera atakayeziona.

Kilichotushtua kilikuwa juu ya kamera, si ndani. Kwenye reli ya kuchomekea fleshi, kamera nyingi zina kitufe kidogo cha chuma katikati, kimezungukwa na vingine vidogo zaidi. Hicho cha katikati ndicho kinachoiamsha fleshi ya kampuni yoyote, hata zile za bei nafuu kutoka China. Canon ilikiondoa kwenye baadhi ya kamera zake za bei ya chini za miaka ya karibuni, ikiwemo 4000D. Ukinunua hiyo, fleshi ya bei rahisi uliyopata Kampala itakaa juu yake kama kofia tu. Pia mdomo wa kamera hiyo, pale lenzi inapofungwa, ni wa plastiki. Kwa mtu atakayebadilisha lenzi kila Jumamosi, hilo si jambo dogo. Ilikuwa mpya, ndani ya boksi, inang'aa. Tuliirudisha.

Tukageukia mitumba. Wafanyabiashara wanaoleta bidhaa kutoka Dubai watanielewa hapa, maana jina ndilo linalowachanganya wengi. Kamera moja ya Canon huuzwa kwa majina matatu kulingana na soko lake. Ile inayoitwa 600D Ulaya na kwetu, Marekani ni Rebel T3i, na Japani ni Kiss X5. Ile ya 700D ni Rebel T5i na Kiss X7i. Ndani ni kamera ile ile, betri ile ile, lenzi zile zile. Nimesikia muuzaji akimpandishia mtu bei kwa sababu eti Kiss ni toleo la pekee la Japani, na mwingine akiikataa Kiss akidhani ni bandia. Wote wawili wamekosea. La muhimu ni kuiwasha kwanza na kuhakikisha menyu inabadilika kwenda Kiingereza au Kifaransa.

Nikon nayo ina mtego wake. Kamera zake za wanaoanza, zile za mfululizo wa D3000 na D5000, hazina mota ya kusogeza lenzi. Mota lazima iwe kwenye lenzi yenyewe, na lenzi za namna hiyo zimeandikwa AF-S au AF-P. Ukiuziwa lenzi ya zamani iliyoandikwa AF-D kwa sababu ni rahisi, itaingia vizuri, itapiga picha, lakini utakuwa unazungusha kwa mkono kila mara huku bwana harusi anatembea. Kwa upande wa Canon, lenzi za EF zina mota ndani, hivyo tatizo hilo halipo.

Hapo ndipo nilipomwambia mpwa wangu agawe pesa. Anayeanza huweka karibu kila shilingi kwenye kamera na kuchukua lenzi yoyote inayokuja nayo. Mara nyingi ni ile ya 18 hadi 55, na si mbaya; mchana itakufanyia kila kitu. Lakini ukiivuta hadi mwisho, uwazi wake ni 5.6. Lenzi ndogo ya milimita 50 yenye uwazi wa 1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Ndani ya kanisa lenye madirisha madogo, tofauti hiyo ni kati ya uso unaoonekana na kivuli chenye tai. Kasoro yake ni kwamba kwenye kamera hizi zenye sensa ndogo, lenzi ya 50 huona sehemu nyembamba, sawa na 80 kwenye kamera kubwa. Vyumba vya nyumba za mgodi kule Kilembe ni vidogo. Mpwa wangu tayari amejifunza kurudi nyuma hadi mgongo uguse mlango.

Kuna watakaosema mbona tunanunua kitu ambacho kampuni zimekiacha. Ni kweli kwamba Canon haijatoa kamera mpya ya namna hii tangu 2020, na nguvu zote zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo. Kwa mnunuzi wa kwanza mwenye pesa ya kuhesabu hiyo ni habari njema. Wakubwa wanauza za zamani ili wahamie kwenye mpya, na bei za mitumba zinashuka. Lenzi ya EF utakayonunua leo itafanya kazi hata kwenye kamera mpya za Canon za R, kwa kutumia kiunganishi.

Ukaguzi wa mtumba tuliufanya barazani kwa muuzaji, bila haraka, na yeyote anayekuharakisha muage. Tulitoa lenzi, tukamulika tochi ya simu upande mmoja na kutazama upande wa pili, tukitafuta nyuzi za kuvu. Tulipiga picha ya anga jeupe kwa uwazi mdogo wa 16, tukaikuza kuona kama kuna madoa ya vumbi kwenye sensa. Vumbi husafishwa, mkwaruzo hausafishwi. Tulipiga picha kwa kila kasi, kuanzia ya polepole hadi ya juu kabisa, tukisikiliza shata, lile pazia la ndani linalofunguka kila unapobonyeza. Shata huchoka. Nikon ilisema ya D3500 ilijaribiwa kwa mizunguko 100,000. Harusi moja ikila picha 1,000, hizo ni harusi 100. Kwa Nikon, idadi ya mizunguko huwa imeandikwa ndani ya maelezo yaliyojificha kwenye faili ya picha, na programu za bure za intaneti huisoma. Kwa Canon huwa haimo, hivyo unatazama dalili: vitufe vilivyofutika, mpira uliolegea, mahali pa mkanda palipochakaa.

Halafu betri. Kamera za 600D na 700D zinatumia LP-E8, na 2000D na 4000D zinatumia LP-E10, haziingiliani. Kabla ya kulipa, zunguka mji unaoishi uulize ipi inapatikana. Kamera yenye betri inayopatikana Kampala pekee, kwa mtu wa Kilembe, imelala siku betri ikifa.

Kuna suala la mpaka, na hapa naomba wasomaji wangu wa Mpondwe na Kasindi wanisikilize. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini kamera mkononi bado ni kitu kinachoulizwa. Chini ya kila kamera kuna namba yake ya pekee. Iandike kwenye risiti, piga risiti picha kwa simu, na ukivuka kwenda kupiga harusi Kasindi au Beni, waonyeshe maofisa wa forodha kabla hujavuka, ili siku ya kurudi usije ukatakiwa kuthibitisha kwamba hukuinunulia huko. Na usiinue kamera kuelekea daraja, jengo la mpaka au askari, upande wowote. Baada ya shambulio la Juni 2023 kwenye shule ya sekondari ya Lhubiriha, hakuna anayeweza kuwalaumu walinzi wakishuku. Kamera ikae kwenye begi mpaka ufike kwa mwenye shughuli.

Hali ya hewa yetu nayo ni ya pande mbili. Kasese mjini kuna joto na vumbi, Kilembe kuna ukungu unaoshuka kutoka Rwenzori kila jioni. Vumbi huingia unapobadilisha lenzi, kwa hiyo geuza mdomo wa kamera chini na ufanye haraka. Unyevu huleta kuvu. Dawa yake ni vile vifuko vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye boksi za viatu. Wauza viatu wa Bwera huvitupa. Viokote, viweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, kamera ndani. Mwitaliano Vittorio Sella alipanda milima hii mwaka 1906 na kamera za sahani za vioo zilizobebwa na wapagazi kwenye mvua na matope, na picha zake za barafu zinatazamwa hadi leo. Hakuwa na ndoo, ila alikuwa na wapagazi.

Mwishowe tulinunua 600D ya mtumba pamoja na lenzi yake ya 18 hadi 55, lenzi mpya ya 50, betri mbili na kadi mbili. Fleshi itasubiri. Pesa iliyobaki haikutosha printa ndogo ya Canon Selphy, ile inayotoa picha ya 10 kwa 15 kwa muda usiofika dakika moja, na nadhani ilikuwa heri. Karatasi na wino wake huuzwa pamoja kwa pakiti, na mtu asiye na wateja bado hana haja ya kuwa na pakiti ya karatasi 108 inayolala ndani. Kwa sasa anapeleka kadi studio mjini Kasese.

Harusi ya kwanza ilikuwa Kilembe. Alipiga picha 640. Karibu nusu zilikuwa na giza au zimetikisika, kwa sababu aliisahau lenzi ya 50 ndani ya begi mpaka wakati wa keki. Familia ilichukua 60 na kulipa.

Dada ameandika kila kitu kwenye daftari lake la chumvi, ukurasa wa nyuma: deni milioni moja na nusu, chini yake malipo ya harusi, chini yake nauli. Kuna picha moja tu ambayo haimo kwenye hesabu. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2020 uliingia nyumbani kwake na kuondoka na sanduku lenye albamu zote, za mama yetu zikiwemo. Mpwa wangu alimpiga picha akiwa amekaa juu ya gunia la chumvi, amekunja uso kwa sababu ya jua. Aliichapisha kwa A4. Dada alilalamika kwamba angeambiwa angevaa gomesi, kisha akaenda kutafuta msumari.