Boba ya nyumbani: sukari unapima mwenyewe, mdogo anywe bila lulu

KATIKA migahawa ya mijini siku hizi kuna kinywaji kinachowavuta sana vijana: bilauri ya plastiki, chai ya maziwa yenye barafu, na chini yake vijigololi vyeusi vinavyofyonzwa kwa mrija mnene. Wengi wanakiita boba. Mzazi anayekilipia kila Jumamosi huenda hajui kwamba vile vijigololi ni muhogo.

Kinywaji hiki kilizaliwa Taiwan miaka ya 1980, na kwa Kichina huitwa chai ya maziwa ya lulu. Nani alikibuni? Maduka mawili ya chai, Chun Shui Tang la Taichung na Hanlin la Tainan, kila moja linadai ndilo la kwanza, na yalifikishana hadi mahakamani. Lulu zenyewe hutengenezwa kwa wanga wa muhogo, ule unaouzwa madukani kwa jina la tapioka. Weusi wake ni wa sukari ya rangi tu.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Unga wa muhogo wa kusongea ugali si wanga. Una nyuzinyuzi, na lulu zake zitapasukia sufuriani. Asiyepata tapioka dukani anaweza kukamua wanga mwenyewe: amenye muhogo mtamu (si ule mchungu, wenye sumu nyingi zaidi), aukune, aukamue kwa kitambaa safi ndani ya maji mengi, kisha ayaache yatulie kwa saa kadhaa. Maji ya juu yamwagwe, asipewe hata mfugo. Tope jeupe linalobaki chini likaushwe. Ni wanga huohuo ambao wengine waliutumia kama kanji ya kunyooshea nguo.

Kwa bilauri nne, kikombe kimoja cha wanga kinatosha. Chemsha robo kikombe ya maji na vijiko viwili vya chakula vya sukari guru au sukari ya kahawia. Yakitokota, yamimine yote mara moja juu ya wanga na ukoroge kwa mwiko. Maji ya uvuguvugu hayafai kabisa: wanga utakuwa mgumu ukiubana na kutiririka ukiuachia, wala hautakandika. Ukipoa kidogo, kanda mpaka donge liwe laini. Likimeguka, ongeza matone ya maji ya moto. Sukuma vijiti vyembamba, kata vipande, viringisha kila kimoja kiwe kama punje ya mbaazi, kwani vitavimba. Nyunyiza wanga mkavu visigandane. Kazi hii inachosha kwa mtu mmoja, lakini watoto wa shule wataigombania.

Tia lulu kwenye sufuria ya maji mengi yanayochemka, koroga mpaka zielee, ziache zitokote kama dakika 20. Zima moto, funika, subiri dakika 15 nyingine. Onja moja: katikati pasiwe na kiini cheupe. Zisuuze kwa maji baridi, kisha zilowekwe kwenye shira ya vijiko viwili vya chakula vya sukari na maji kidogo.

Kwa chai, pika majani peke yake, chuja, poza, ndipo uongeze maziwa yaliyochemshwa na kupoa. Kwa watoto, chai iwe hafifu, au tumia mchaichai usio na kafeini. Rosela, pamoja na rangi yake nzuri, hukatisha maziwa. Chai isiambatane na chakula pia, maana huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga za majani. Saa moja au mbili baada ya mlo ni wakati mzuri zaidi.

Faida kubwa ya kupika nyumbani ni sukari. Kwa vipimo hivi, kila bilauri ina takriban vijiko vitatu vya chai vya sukari, na chai yenyewe haihitaji kuongezwa nyingine. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ni vyema mtu mzima asizidishe takriban gramu 25 kwa siku, yaani vijiko sita vya chai. Mtoto anahitaji pungufu ya hapo. Kwa hiyo hata boba ya nyumbani si kinywaji cha kila siku.

Kuna hatari nyingine ambayo kupika nyumbani hakuiondoi. Lulu ni za mviringo, zinateleza, na mrija huzirusha moja kwa moja kooni. Mwaka 2012 taasisi ya serikali ya Ujerumani inayotathmini usalama wa vyakula ilionya kwamba watoto wadogo, hasa wa hadi miaka minne, wanaweza kupaliwa nazo. Mdogo wa nyumba asipewe hata moja ya kuonja, na kaka na dada zake waambiwe hivyo waziwazi, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaomgawia. Yeye amiminiwe mchaichai wenye maziwa kwenye kikombe chake, au apikiwe uji laini wa wanga huohuo na maziwa. Wakubwa nao wakae chini, wale lulu kwa kijiko na kuzitafuna. Mrija si lazima.

Lulu zilizopikwa ziliwe ndani ya saa chache, kwani kwenye friji hugeuka ngumu kama kifutio. Ni afadhali kupika za kutosha siku hiyo tu. Zile mbichi zilizobaki zinyunyiziwe wanga, zifungwe kwenye mfuko na kugandishwa kwenye friza. Zitatoka humo moja kwa moja hadi kwenye maji yanayochemka.