Takriri Isiyo na Chanzo: "Firth of Fifth" Studioni na Jukwaani

Katika uchambuzi wa fasihi simulizi, kila utendaji huhesabiwa kuwa matini kamili, wala si nakala pungufu ya matini nyingine. Msimamo huo unaweza kupimwa kwa wimbo "Firth of Fifth" wa Genesis, bendi ya roki ya progresivu ya Uingereza. Toleo la studio, katika albamu Selling England by the Pound (1973), hufunguliwa na piano ya Tony Banks peke yake. Baadaye maudhui ya ufunguzi huo hurudi kwa kinanda cha kielektroniki yakisindikizwa na bendi nzima. Msikilizaji huyatambua kuwa takriri. Toleo la jukwaani katika Seconds Out (1977) halina ufunguzi huo: huanza moja kwa moja na uimbaji, sasa wa Phil Collins badala ya Peter Gabriel. Muziki uleule wa katikati hugeuka kuwa jambo jipya, isipokuwa kwa hadhira inayoikumbuka albamu ya awali. Anayelinganisha matoleo, basi, asiishie kuorodhesha kilichoachwa; achunguze pia uamilifu mpya wa kilichobaki.