Tandiko la Viraka: Tuanze na Kitambaa Kimoja Tukipendacho

Karibu kila kikundi cha ushonaji kina kitambaa kimoja kilichofichwa sandukuni. Ni kitenge chenye ndege na majani, au leso ya mikorosho, na kila mama akikiona husema, "Hicho wacheni kwanza." Wanaogopa kukikata, na sababu wanayo: kitambaa kikishapigwa mkasi hakirudi tena. Lakini kikikaa sandukuni mpaka kiliwe na panya, kikundi kimefaidika nini? Basi leo tunaeleza jinsi ya kukifanya kitambaa hicho kiongozi wa tandiko la viraka, ambalo wengine huliita mfarishi, bila kukiharibu.

1. Kiongozi ni mmoja
Fahali wawili hawakai zizi moja. Mkichanganya vitambaa viwili vya maua makubwa, jicho halijui litue wapi. Kitandazeni kiongozi juani, mtafute rangi tatu zilizomo ndani yake. Tuseme ni kitenge cha ndege: kuna kijani cha majani, manjano ya mabawa na kahawia ya matawi. Sasa tafuteni wenzake watatu wa rangi hizo: mmoja uliokolea, mmoja hafifu, mmoja wa katikati. Wenzake wawe na vitone au mistari midogo, au wasiwe na mchoro kabisa. Mabaki ya fundi na shati za mitumba zinafaa sana.

Viwekeni vyote pamoja, mrudi nyuma hatua kumi, mfumbe macho nusu. Ikiwa vyote vinaonekana kama kitu kimoja, badilisheni mmoja. Ndege wasipoonekana sasa, hawataonekana kitandani.

2. Fueni kabla ya kukata
Pamba ikae na pamba. Nailoni haivumilii pasi ya moto, na haipungui kama pamba ikifuliwa, kwa hiyo mshono utavutana. Fueni kila kitambaa peke yake. Kisha lowesheni pembe yake, mkandamize juu ya kitambaa cheupe. Kikitoa rangi, fueni tena. Kikiendelea kutoa, kiacheni nje hata kama ni kizuri namna gani, maana kitambaa chekundu kimoja chaweza kuharibu kazi ya miezi miwili.

3. Hesabu kwanza, mkasi baadaye
Kitanda cha futi 3 kwa 6 kinahitaji tandiko la inchi 60 kwa 84, ili lining'inie kidogo pembeni. Tunashauri hivi:

- Katikati: viraka 8 kwa upana na 12 kwa urefu, yaani viraka 96. Kila kimoja kikishashonwa kiwe inchi 6.
- Kila kiraka kikatwe inchi 6 na nusu, kwa sababu mshono unakula robo inchi kila upande.
- Viraka 48 ni vya kiongozi. Wale wenzake watatu watoe viraka 16 kila mmoja.
- Pindo la kuzunguka: inchi 6, kitambaa kisicho na mchoro.

Kitenge cha upana wa inchi 45 hutoa viraka 6 kwa upana. Mkikata safu 8 mtapata 48, nazo zinachukua inchi 52. Kwa hiyo yadi moja na nusu inatosha. Mkiwa na yadi mbili, mtakuwa na nafasi ya kuchagua picha.

4. Kateni kwa dirisha
Chukueni katoni, mkate ndani yake dirisha la inchi 6 kila upande. Litembezeni juu ya kitambaa. Mnachokiona dirishani ndicho kitakachoonekana kwenye tandiko. Hapo hamtakata ndege shingo bila kujua. Pigeni chaki kuzunguka dirisha, kisha ongezeni robo inchi kila upande kabla ya kukata. Angalieni pia vichwa vyote vielekee juu. Ikiwa ni leso, yale maneno yake msiyakate vipande vipande. Yatoeni mazima kama utepe, myashone kwenye pindo, na tandiko litasema.

5. Pangeni chini, halafu shoneni
Pangeni viraka vyote juu ya mkeka: kiongozi, mwenzake, kiongozi, mwenzake, na safu inayofuata ianze na mwenzake. Kiachwe mpaka kesho, kila mwanachama apite aseme lake. Kubadilisha kabla ya kushona hakugharimu kitu. Mkikubaliana, kila safu ipewe namba.

Shoneni safu moja moja, mpige pasi mishono ya safu ya kwanza kwenda kulia, ya pili kwenda kushoto. Hivyo pembe zitakutana sawasawa na hapatakuwa na uvimbe. Kisha unganisheni safu, mtie pindo.

Mwisho tandazeni kitambaa cha mgongo, uso wake chini. Juu yake wekeni blanketi kuukuu lililofuliwa, halafu viraka, uso juu. Pigeni bandi kutoka katikati kwenda nje, msije mkabakiza mikunjo. Shoneni kufuata mistari ya viraka ili matabaka yote matatu yashikane, mtoe bandi, mfunge ukingo. Ukingo unahitaji utepe wa yadi 8 na kidogo.

6. Na bei je?
Hapa ndipo vikundi vingi huumia. Wanahesabu kitambaa na uzi, wanasahau mikono. Andikeni kwenye daftari la kikundi kila saa iliyotumika na nani alishona. Jumlisheni vifaa, nauli ya sokoni na malipo ya kazi, muongeze kidogo kwa mfuko wa kikundi. Mnunuzi akitaja bei iliyo chini ya hapo, mwonyesheni daftari. Asipokubali, tandiko halitaoza. Litamfaa mgonjwa au mama aliyejifungua kijijini, na hiyo ni afadhali kuliko kumlipia mnunuzi kazi yetu wenyewe.