Jino Lililong'oka Uwanjani, na Meno Yanayosagwa Usiku

MTANGAZAJI: Uwe Nyarugusu, Kakuma, Nakivale, Mahama au Dzaleka, karibu. Na wewe unayesoma karatasi hii kwa sababu betri za redio zimekwisha, karibu pia. Maneno ni yale yale.

Leo tunazungumza juu ya meno, ila si habari ya mswaki na sukari. Tunazungumzia meno mazima kabisa, yasiyo na tundu, ambayo hupotea kwa njia mbili: kwa pigo la ghafla mchezoni, au polepole, kwa kusagwa na mwenyewe akiwa usingizini.

Tuanze uwanjani. Mara nyingi jino linaloumia ni la mbele juu, maana ndilo linalotangulia. Kiwiko cha mwenzako mnaporuka kupiga kichwa, kuanguka kifudifudi kwenye uwanja wa mawe, ngumi ya karate, mpira wa kikapu unaokuja usoni. Sheria za soka zinamtaka mchezaji avae kikinga ugoko. Hazimtaki avae kikinga meno, ndiyo maana wengi hawajawahi kukiona. Mabondia wanakijua vizuri, kwa sababu kwao ni lazima.

Kikinga meno ni kipande cha plastiki laini kinachofunika meno ya juu. Pigo likija, hakiliachi litue juu ya jino moja, hulisambaza. Huzuia pia meno ya chini yasigongane na ya juu, na meno yasikate mdomo na ulimi. Kizuri kuliko vyote ni kile anachotengeneza daktari wa meno kwa kuchukua umbo la kinywa chako, lakini bei yake ni kubwa. Kinachopatikana kwenye maduka ya vifaa vya michezo mijini ni kile cha kuchovya katika maji ya moto kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, kisha unakiuma kikiwa laini na kukibana kwa vidole na ulimi hadi kishike umbo la meno. Utajua kimekaa sawasawa ukifungua kinywa na kisianguke, huku ukiweza kupumua na kuwaambia wenzako "pasi!" wakakusikia.

Timu inaweza kugawana jezi, hata viatu. Kikinga meno hakigawanwi, kwa sababu kina mate na mara nyingine damu. Kioshe kwa maji ya baridi na mswaki, kikauke, ukitunze katika kikopo chenye matundu. Maji ya moto na jua kali hukipinda. Mtoto anayeendelea kuota meno atahitaji kingine kila kinywa kinapobadilika.

Na tafadhali, vijana: msikate kipande cha ndala au tyubu ya baiskeli mkakitia kinywani. Hakishiki meno, na ukigongwa kinaweza kuteleza hadi kooni kikaziba pumzi. Wala msiyeyushe plastiki ya dumu mkaiuma. Kama kikinga hakipatikani, okoteni mawe uwanjani kabla ya mechi, na mwamuzi awe mkali kwa viwiko. Hilo halina gharama.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa dakika zina thamani. Jino la mtu mzima likitoka lote, na mzizi wake, linaweza kurudishwa likashika tena. Juu ya mzizi kuna utando mwembamba wenye uhai, na huo ndio unaoshikana na mfupa. Ukikauka kwa dakika 30 sehemu kubwa yake hufa. Ikifika saa 1 jino likiwa kavu, matumaini ya kushika vizuri ni madogo sana.

Kwa hiyo litafute mara moja. Lishike kwa sehemu nyeupe ya kutafunia, usiguse mzizi. Likiwa na udongo, lisuuze kwa sekunde chache kwa maziwa au maji safi, bila kulisugua, bila sabuni, bila dawa. Kisha lirudishe kwenye tundu lake, uso wa mbele ukiangalia mbele, na majeruhi aume kitambaa safi ili lisitoke. Inaogopesha, lakini ndilo jambo bora unaloweza kumfanyia.

Ukishindwa, litie katika maziwa. Maziwa matupu, si mtindi wala chai ya maziwa. Hakuna maziwa? Majeruhi ateme mate katika kikombe safi, jino likae humo. Maji ya kawaida ni afadhali kuliko kukauka, lakini yawe ya mwisho kabisa. Usilifunge katika karatasi au leso kavu. Halafu nendeni kituo cha afya mbio, mkaulize pia habari ya sindano ya pepopunda. Daktari wa meno akilikuta mapema hulifunga na meno ya jirani kwa muda wa wiki 2 hivi.

Meno ya utoto hayarudishwi, maana yanaweza kuharibu jino la ukubwani linalokua chini yake. Na mtu aliyezimia, anayetapika, au ambaye taya zake hazifungani tena, mpelekeni hospitali kwanza. Jino lifuate.

(Muziki kidogo)

Njia ya pili haina kelele ya uwanjani. Kelele yake anaisikia mnayelala naye nyumba moja: krr, krr, usiku wa manane. Mwenyewe hajui. Anachojua ni kwamba anaamka taya zimechoka, kichwa kinauma kwenye panja, na meno yanachoma akinywa maji ya baridi. Miaka ikipita meno yanakuwa bapa na mafupi, mengine yanapasuka.

Wazee wengi husema ni minyoo. Dawa ya minyoo ina kazi yake, mpe mtoto inapotolewa, lakini usitegemee itanyamazisha meno. Watoto wengi husaga na wengi huacha wenyewe wanapokua. Kwa mtu mzima, yanayochochea ni wasiwasi, usingizi mbaya, pombe, sigara, kahawa nyingi, na miraa au mairungi. Dawa fulani za sonona nazo huweza kuchochea. Usiziache mwenyewe, mwambie aliyekuandikia.

Mtu aliyekimbia vita, asiyejua jamaa zake wako wapi, anayelala akiwaza mgao wa mwezi ujao, si ajabu taya zake zikafanya kazi usiku. Si laana, si pepo. Kama ndoto za yaliyokupata zinakuamsha, mshauri wa afya ya akili kituoni ndiye wa kumwona, hata kama kilichokupeleka huko ni jino.

Kikinga cha usiku si kile cha michezo. Hutengenezwa kwa plastiki, mara nyingi ngumu, kwa kipimo cha meno yako. Hakiponyi tabia ya kusaga. Husaga hicho badala ya jino. Cha michezo usilale nacho: ulaini wake huwafanya watu wengine watafune zaidi.

Kabla ya kukipata, kuna ya kufanya. Mchana, unapobeba dumu la maji au kupasua kuni, angalia kama umeng'ata meno. Midomo ifungwe, meno yaachane. Jioni weka kitambaa cha maji ya vuguvugu kwenye mashavu. Acha miraa na kahawa tangu mchana. Meno yasiwe kifungulio cha soda wala mkasi wa uzi, na maharagwe yachambuliwe mawe kabla hayajaingia sufuriani, kwani jino lililosagwa huvunjwa na kajiwe kadogo.

Katika kambi nyingi daktari wa meno hayupo kila siku, na kutoka nje kunahitaji karatasi. Basi usingoje jino lipasuke ndipo uombe rufaa. Ukimwona mhudumu, usiseme tu "meno yanauma." Mwambie yanauma asubuhi au usiku, tangu lini, unatumia dawa gani, na nenda na yule anayeisikia sauti usiku, aieleze mwenyewe.